Betri Iliyojaa

Habari ya kuanguka kwa Nekoye ilimfikia Rahab akiwa amepiga magoti sakafuni, spana mkononi, akikaza gurudumu la mteja. Aliyeileta ni binti yake Natalie, aliyekuwa nyumbani likizo ya chuo, simu bado ikiwa sikioni.

"Mum, Mama Shantel ameanguka na ile baiskeli ya mota. Kwa ule mteremko wa London. Aki wamempeleka hosi."

"Yuko hai?"

"Yuko hai. Mkono umevunjika, na uji umemchoma mguu."

Rahab akauliza swali la pili, na hilo ndilo lililokuja kumtafuna baadaye.

"Na mota?"

Natalie alimtazama mama yake kama anayemwona kwa mara ya kwanza. "Mota imefanya nini, Mum? Nimekwambia mtu ameanguka."

Rahab alikuwa na diploma ya umeme na miaka mingi ya kazi kwenye mitambo ya umeme kule Olkaria, mahali ambapo ukikosea mvuke unakubabua. Alipochoka kuishi mbali na mtoto wake, alirudi Nakuru, akafungua karakana nyuma ya nyumba yake mtaa wa Section 58, akaanza kufunga mota kwenye baiskeli za kawaida, hasa zile nyeusi nzito zinazoitwa blakimamba. Wateja wake wengi walikuwa akina mama wa biashara ndogo. Hakuwabembeleza. Aliwaambia mota inaweza nini na haiwezi nini, akafunga, wakaenda.

Nekoye alikuwa mteja wa kujivunia. Aliishi juu kule mtaa wa London, upande wa mlima Menengai, na kila asubuhi aliteremka hadi Bondeni na jagi kubwa la uji na ndoo ya mandazi kuwauzia mafundi wa gereji. Anashuka na mzigo, anapanda mtupu. Rahab alilifikiria jambo hilo kwa makini. Mota nyingi za gurudumu zina gia ndogo ndani. Zinapanda mlima vizuri, lakini ukishuka zinazunguka bure tu. Ziko nyingine zisizo na gia. Hizo ni nzito, na mlimani zinaguna, ila zina jambo moja zuri: ukigusa wenzo wa breki wakati wa kushuka, mota inageuka breki, na umeme unarudi kwenye betri.

"Hii ndiyo yako," alimwambia Nekoye. "Mbele nitakuwekea gia ndogo, upate kupanda mlima ukipiga pedali bila kuumia magoti. Kushuka, mota itakushika yenyewe."

Kisha breki ya nyuma ikaleta ubishi. Ilikuwa ile ya zamani, ya fito za chuma, na rimu mpya iliyokuja na mota ilikuwa nyembamba, mipira ya breki haikuifikia. Rahab alijaribu, akakunja, akapinda, akachoka. Akaing'oa. Ikabaki ya mbele peke yake, mipira yake ikiwa imekauka.

"Na hii ya nyuma?" Nekoye aliuliza.

"Ya nini? Mota inatosha. Wewe chaji usiku kucha, utoke nyumbani betri imejaa kabisa. Usije ukaniletea hadithi ya kuishiwa njiani."

Upande wa sheria, Rahab alikuwa mkali kama karani wa forodha. Mota kubwa hakuuza. Waya wa kuzuia mwendo, ambao vijana humsihi aukate, hakuukata hata mara moja. Alitaka askari wa trafiki akisimamisha mteja wake aone baiskeli yenye pedali na mwendo wa baiskeli, si pikipiki iliyojificha isiyo na namba wala bima. Lakini waya ule ulizuia mota tu. Mteremko haukuwa na waya.

Jioni ile alikwenda kumwona mgonjwa akiwa na unga, sukari na maziwa. Nekoye alikuwa ameruhusiwa kurudi nyumbani, na akina mama wa kanisa walikuwa wameshajaa sebuleni. Nekoye alikaa kwenye kochi, mkono wa kulia ndani ya plasta, mguu umefungwa bendeji. Mkono wa kulia ndio wa kukandia mandazi.

"Mama Natalie," alisema mara tu alipomwona, "nisamehe. Nimekuharibia kazi yako."

Rahab alisimama na paketi ya unga kifuani.

"Hakuna kitu. Wewe pona."

"Si nilimwambia?" Wamalwa, mume wake, alidakia kutoka mlangoni. Alikuwa mtu wa kiwandani, mpole, lakini hofu ilikuwa imemfanya mkali. "Kila siku haraka, haraka. Hata nafikiri alisinzia juu ya hiyo kitu."

"Sikusinzia, Baba Shantel. Nilishika breki."

"Ulishika umechelewa."

Nekoye akainamisha kichwa. "Labda nilichelewa," akasema.

Mwenyekiti wa akina mama akaomba. Aliomba mfupa uunge, kisha akaomba Bwana ampe dada yetu utulivu, amwondolee papara za biashara. "Amina," wakasema wote. Rahab naye alifumba macho akasema amina, na sauti yake ikatoka kubwa kuliko alivyotaka.

Kabla hajaondoka, Wamalwa alimwambia baiskeli ingeletwa kwake aitengeneze. "Nimeshapata mtu wa kuinunua. Chepchirchir, yule wa maziwa, anayekaa juu zaidi yetu. Huku kwangu sitaki kuiona tena."

Ililetwa kwa mkokoteni kesho yake. Rahab alinyoosha usukani, akabadilisha uma wa gurudumu la mbele uliopinda, akaunganisha waya na kuipanda kwa mota, huku na huko mara nyingi, kwenye barabara tambarare mbele ya nyumba. Akagusa wenzo. Mota ikashika, imara kama mkono wa mtu. Akarudia. Ikashika.

Alifurahi. Aliiona furaha hiyo ikipanda kifuani na hakuizuia. Basi kazi yake ilikuwa safi. Basi ni kweli mama wa watu alisinzia.

Usiku akaiacha kwenye chaji, kama anavyofanya kila mara kabla ya kumkabidhi mteja. Asubuhi, taa ya kijani ikiwaka, aliinua gurudumu la nyuma kwenye stendi, akalizungusha kwa nguvu na kugusa wenzo ili aone mara ya mwisho.

Gurudumu likaendelea kuzunguka.

Akagusa tena, akabana. Gurudumu likazunguka taratibu likiimba, kama mtu asiyesikia akiitwa. Rahab akaketi kwenye ndoo iliyofunikwa. Hakuhitaji kipimo. Mota ikiwa breki inazalisha umeme, na umeme huo lazima uende mahali. Betri iliyojaa kabisa haina nafasi; kidhibiti cha mota kinauzuia usiiunguze, na breki inakufa. Alilijua hilo tangu chuoni. Alilijua kama anavyojua jina lake. Ila majaribio yake yote aliyafanya hapa Section 58, kwenye tambarare, na betri iliyokwisha kutumika. Hakuwahi hata siku moja kuanza safari juu ya mlima na betri iliyojaa. Aliyeanza hivyo kila asubuhi ni Nekoye, kwa sababu aliambiwa. Siku nyingine huenda chaji haikufika juu kabisa, au umeme ulipotea usiku, na hilo ndilo lililomwokoa. Asubuhi ile chaji ilifika.

*Utoke nyumbani betri imejaa kabisa.*

Aliwapigia simu kwanza wateja wengine wenye mota ya aina ile. Walikaa tambarare, lakini aliwapigia. "Usijaze betri hadi mwisho, na ulete baiskeli niongeze breki." Kuwaambia hao kulikuwa rahisi. Hawakuwa wameanguka.

Kisha akafunga breki mpya ya nyuma kwenye baiskeli ya Nekoye, ya kubana rimu kwa waya, na mipira mipya mbele. Alifanya kazi nzuri. Ilipokwisha ilionekana kana kwamba ilikuwapo siku zote, na hapo ndipo wazo lilipomjia, laini, likiwa na adabu: nani atajua? Chepchirchir atashuka salama. Mkono utaunga. Mambo yatapoa.

Simu ikalia. Chepchirchir mwenyewe.

"Mama Natalie, sasa? Hiyo kitu niambie ukweli, haina shida?"

"Haina shida," Rahab akasema. "Sasa haina."

"Haya. Kwa hivyo ni huyo mama na haraka zake." Chepchirchir akacheka. "Mimi maziwa yangu hayana haraka. Mandazi ndiyo hukimbizana na njaa ya mafundi!"

Rahab alicheka pia. Kicheko kilikuwa kifupi, lakini alikisikia kikitoka. Alipokata simu alinawa mikono kwa sabuni ya mafuta, akanawa tena, akaitoa baiskeli nje na kupanda nayo hadi London.

Alimkuta Nekoye jikoni akikanda unga kwa mkono wa kushoto. Donge lilikuwa linateleza karaini, linakwepa.

"Karibu, Mama Natalie. Usinicheke. Hata mtoto anakanda vizuri kuliko mimi."

"Sijakuja kucheka. Mota haikushika. Betri ikijaa, breki ya mota haifanyi kazi, umeme unakosa mahali pa kwenda. Mimi nilikuambia uijaze. Na breki ya nyuma nikaitoa."

Nekoye aliacha kukanda. "Mambo ya umeme mimi sielewi. Niambie hivi: nilishika breki au sikushika?"

"Ulishika. Breki haikuwepo."

Kisha Nekoye akaita kwa nguvu ambayo Rahab hakuidhania. "Baba Shantel! Kuja hapa."

Wamalwa akaja, kikombe mkononi.

"Rudia," Nekoye akamwambia Rahab.

Rahab akarudia, neno kwa neno. Mara ya pili ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza.

"Lakini hata wewe, Mama Shantel, ile haraka..." Wamalwa akaanza.

"Nimesema arudie. Sijasema ujibu." Nekoye hakumtazama. Macho yake yalikuwa kwa Rahab. "Ulijua lini?"

"Leo asubuhi."

"Na siku ile uko hapo sebuleni, wananiombea utulivu?"

"Sikujua. Lakini sikutaka kujua pia. Nilisema amina."

"Nilikusikia." Alijipangusa unga kwenye leso. "Jumapili utasimama mbele ya hao hao useme vile umesema hapa. Si polepole kwa mwenyekiti. Usimame."

"Nitasimama."

"Na huyo Chepchirchir mwambie haiuzwi."

Wamalwa akanywa chai yake.

"Nimeweka breki mbili mpya," Rahab akasema. "Nikuonyeshe?"

"Leo hapana. Irudishe kwako. Sitaki kuiona leo." Akarudi kwenye donge lake. "Nikitaka kuiona nitakupigia."

Rahab alingoja kidogo, kwa mazoea. Katika nyumba ile hakuwahi kuondoka bila chai. Sufuria ilikuwa jikoni, ikifuka. Nekoye alikanda, akampa mgongo. Rahab akasema kwaheri, akatoka.

Breki mpya zilikuwa kali, angeweza kupanda na kuteremka kwa raha. Hakupanda. Alishika usukani kwa mikono miwili akaanza kutembea. Baiskeli ilikuwa nzito, na mteremko ukaanza kuivuta, naye ikambidi aegemee nyuma, visigino vikichimba, hadi mabega yakawaka. Penye kona aliona ukingo wa barabara umekwaruzwa rangi nyeusi ya baiskeli. Akapita hapo polepole.

Mtu wa boda aliyekuwa akipanda na mteja alipunguza mwendo kumtazama.

"Mathe! Si upande? Hiyo iko na mota!"

"Najua iko na nini," Rahab akasema, na kuendelea kuishikilia.