Mwiko wa Unga wa Mwani

Kila asubuhi Ansbert alichemsha kijiko cha unga, akaunywa moto huku amekunja uso. Sadallah, aliyemuuzia pale Mtoni, alisema ni mwani uliotwangwa pamoja na jinseng, mzizi wa Kichina aliopewa na mafundi wa reli. Eti huurudishia kinga mwili uliochoshwa na kifua kikuu.

Yuliana, mkewe, alidhani ni majani ya mpera. Alikulia Mikindani akiokota mwani maji yakitoka, na alijua kwamba ukichemshwa ukapoa, huganda. Akamimina kidogo kwenye kisahani. Adhuhuri dawa ilikuwa imeganda, inatikisika.

"Umeona?" Ansbert alicheka mpaka akakohoa. "Mie sikuoa mke, nimeoa polisi."

"Mwani ni mwani. Huo mzizi siujui."

"Ukiujua utataka umjue na Mchina aliyeuchimba."

Yuliana hakucheka. Kama dawa ni ya kweli, mbona mume anazidi kukonda? Aliinua godoro, akatoa kadi ya kliniki. Sindano ilikuwa ya kila siku. Siku kumi na moja hazikuwa na alama.

"Kila asubuhi unaniaga unakwenda kliniki. Huwa unakwenda wapi?"

Ansbert aliinamisha kichwa. "Nakaa kwa Sadallah. Dawa ina mwiko, siku arobaini mwili usichomwe na chuma. Nikivunja, inanigeukia."

Yuliana hakubishana. Kwao mwiko haubishiwi. Huondolewa na aliyeuweka. Akajitanda khanga, akamkuta Sadallah barazani kwake.

"Shikamoo, mzee. Mwani wako wa kweli, nimeupima. Sasa njoo uondoe mwiko."

"Mwiko ndio nguvu ya dawa, mwanangu."

"Basi mume wangu akifa, Mtoni nzima wataniuliza alikuwa anakunywa nini. Nami nitawajibu."

Sadallah akainuka kutafuta kanzu yake.

Walipofika nyumbani alimnyunyizia Ansbert maji, akanuiza. "Upande wa kulia nimeufungua," alisema. "Wa kushoto msiuguse."

Kesho yake, nyuma ya pazia la kliniki, muuguzi alimgombeza Ansbert kwa zile siku kumi na moja, akamwambia ashushe suruali, akaanza kumpangusa kalio la kushoto kwa spiriti.

"Upande wa kulia, sista," alisema Yuliana.

"Kuna tofauti gani?"

"Kwangu hakuna. Kwake ipo."

Muuguzi alihamia kulia. Yuliana hakuondoka paziani mpaka alipoliona bomba la sindano likiwa tupu.