Tuzo ya Ufukwe wa Ushongo

Semeni Sabiri alikuwa anafundisha darasa la mwaka wa pili pale mkuu wa idara ya jiografia, Profesa Zabron, alipofungua mlango mwenyewe.

"Dakta, tumeshinda!"

Ilikuwa tuzo ya ushirikiano wa utafiti. Kwa miaka mingi idara yao ilishirikiana na chuo kimoja cha Uholanzi kuchunguza jinsi bahari inavyoumega ufukwe wa Pangani, na Semeni ndiye aliyeongoza kazi hiyo kwa upande wa Tanzania. Wanafunzi walipiga makofi na vigelegele. Akasema, "Alhamdulillahi," kisha akawageukia na kuendelea na somo.

Asubuhi hiyo mdogo wake, Uweso, alikuwa amempigia kutoka kijijini kwao Ushongo, Pangani.

"Shikamoo dada. Maji ya bamvua yamefika makaburini. Kwa mama pameanza kuporomoka."

"Marahaba. Shehe anasemaje?"

"Anasema kwa dharura hii inajuzu kumhamisha. Tunafanya Jumamosi."

Semeni hakushangaa. Ramani aliyoichora yeye ilionyesha kwamba eneo lile litaliwa. Aliwahi kumweleza mama yake, akiwa angali hai, kwamba pale si pa kuzikia tena. Mama akamjibu, "Nizikeni ubavuni mwa baba yenu. Bahari ikinifuata, si mgeni wangu." Wakamzika hapo.

Jumamosi hiyo ndiyo siku ambayo wageni wa Uholanzi wangekuja kukabidhi tuzo katika hoteli moja mjini Tanga.

"Bila wewe tutawaambia nini?" Profesa Zabron aliuliza.

"Waambieni nina msiba."

"Msiba wa nani?"

"Wa mama."

Profesa alikumbuka kwamba mama huyo alishafariki zamani, na kwamba yeye mwenyewe alihudhuria mazishi. Tuzo ikapokelewa na Loveness, mhadhiri kijana wa idara hiyo.

Ushongo, wanaume walichimbua taratibu. Semeni alikaa na wanawake mbali kidogo, nyuma ya minazi. Aliwaona wakiinua sanda mpya, nyepesi kama mzigo wa mtoto, wakaelekea nayo bara, upande wa mashamba. Wakambeba na baba pia. Shangazi mmoja alilia. Semeni alimpa kanga ajifutie, akabaki akitazama mchanga. Alingoja machozi. Hayakuja.

Kesho yake Profesa na Loveness waliwaleta wageni kuona eneo la utafiti. Mholanzi mmoja mrefu, ambaye Semeni alishafanya naye kazi mara nyingi, alimshika mikono yote miwili.

"Pole sana, Semeni. Hatukujua ni hapa."

"Ndiyo, ni hapa."

"Tunaweza kuahirisha. Mkataba mpya wa utafiti tutausaini siku nyingine."

"Tuusaini leo. Bahari haiahirishi."

Wakausaini juu ya boneti ya gari. Wageni walipotaka picha, alisimama katikati yao na kushika ile tuzo ya kioo walivyomwelekeza. Uweso, aliyekuwa ameegemea mnazi, alimwita pembeni.

"Dada, u mzima?"

"Sijui, Uweso. Sisikii kitu."

Uweso alikaa naye tu mpaka Loveness alipoleta futi ya kamba, maana ukingo mpya ulikuwa haujapimwa. Semeni akavua viatu, akashuka kwenye shimo lililokuwa kaburi la mama, akashika ncha ya futi, na Loveness akarudi nyuma nayo kuelekea majini.

"Soma," Semeni alisema.

Loveness akasoma kipimo kwa sauti ya chini. Semeni akamwomba asome tena, kwa nguvu zaidi, maana upepo ulikuwa mkali.