Kinyonga wa Laoban Liang

Laoban Liang, yaani bosi Liang kwa Kichina, mwenye karakana ya kushona jinzi kule Xintang, ana akili nyingi sana. Ndiyo maana sikukuu ya Oktoba ilipofika, naye anakwenda kwao kwa wiki nzima, alimkabidhi mwenzangu Anastazia kinyonga wake amtunzie. Sababu aliitoa kupitia simu yake ya kutafsiri: "Wewe Afrika. Kinyonga Afrika. Nyinyi ndugu."

Anastazia ni mtu wa Moshi. Katika ukoo wake wote hakuna aliyewahi kumgusa kinyonga. Lakini mzigo wake wa suruali za kupeleka nyumbani kuuza ulikuwa bado unashonwa, na laoban anayekushonea humwambii hapana. Akaja na kizimba cha wavu ndani ya teksi mpaka chumbani kwetu, mtaa wa Xiaobei.

"Maulida, huyu anaitwa Jenerali," akaniambia. "Dume safi. Laoban kamnunua kwa mtaalamu."

Mimi natoka Lushoto. Kwetu kinyonga yuko kila ua, na mtoto hujifunza kumkimbia kabla hajajua kuhesabu. Nikasogeza kitanda changu karibu na mlango.

Matunzo ya Anastazia yalikuwa upendo mtupu. Maji alimwekea kwenye bakuli la supu. Taa yake maalumu, ile ya kumpa mwanga kama wa jua, aliizima, eti inamuumiza macho. Kisha akamwelekezea kiyoyozi, nyuzi kumi na nane, kwa kuwa Jenerali "anaonekana anasikia joto." Siku ya tatu Jenerali alikuwa na rangi ya majivu, macho yamezama, na bakuli limejaa vilevile.

"Amegoma kunywa," Anastazia akalalamika. "Kiburi kama cha mwenyewe."

"Hajagoma. Umeona wapi kinyonga anakunywa bakulini? Wanalamba umande kwenye majani."

"Na siku zote tatu umenyamaza?"

"Nilikuwa mlangoni, najiandaa kukimbia."

Akachukua chupa ya kupulizia maji, ile tunayotumia kupigia pasi, akanyunyizia mti uliokuwa kizimbani. Jenerali akatoa ulimi, akalamba tone, akalamba lingine, akaendelea hivyo kwa dakika ishirini. Anastazia alisimama na chupa yake, machozi yanamlengalenga. Tukazima kiyoyozi, tukawasha taa, tukamsogeza karibu na dirisha. Kesho yake alikuwa kijani, akala nyenje sita kati ya wale aliowaacha laoban. Anastazia, bingwa wetu mpya, akaanza kunifundisha mambo ya vinyonga.

Ubingwa ulidumu siku moja. Siku ya tano Jenerali akakataa chakula. Akashuka mtini, akawa anazunguka sakafuni na kukwangua kona za kizimba kama mfungwa anayetaka kutoroka. Anastazia akampigia laoban simu ya video. Laoban alikuwa mezani na jamaa zake, kashika mguu wa bata. Akamtazama mnyama wake kwa utulivu wa daktari bingwa, na simu ikatafsiri: "Jenerali huzuni. Mpigie muziki wa jeshi."

Tulimpigia. Naona aibu kulisema, lakini tulimpigia asubuhi nzima. Jenerali akazidi kukwangua.

Hapo ndipo nilipojikaza, nikachutama karibu naye kwa mara ya kwanza. Tumbo lilikuwa limejaa vinundu, kama mfuko wa maharage.

"Anastazia," nikasema, "kuku wa mama yangu alikuwa akizunguka hivi anapotafuta pa kutagia."

"Huyu ni Jenerali!"

"Ndiyo. Jenerali anataka kutaga."

Tukatafuta kwenye simu. Kumbe kinyonga jike hutaga hata bila dume, na asipopata mahali pa kuchimba, mayai humkwama tumboni na kumuua. Anastazia hakungoja nimalize kusoma. Alishika ndoo, akateremka ngazi mbio na kandambili zake hadi kwenye jengo linalokarabatiwa uchochoroni. Mlinzi alipomuuliza mchanga wa nini, akakosa neno la Kichina, akajishika tumbo na kuguna kama mwenye uchungu wa kuzaa. Mlinzi akamjazia ndoo haraka, akaomba aondoke.

Tukaulowanisha mchanga kidogo, tukaiingiza ndoo kizimbani, tukafunika kizimba kwa shuka ili asituone. Jenerali alichimba mpaka akazama mzima. Jioni alitoka mwembamba, amejaa mchanga, akanywa maji kuliko siku zote. Tukafukua mayai thelathini na moja.

Laoban aliporudi, aliyatazama yakiwa kwenye sahani. "Haiwezekani," simu ikasema. "Muuzaji mtaalamu. Dume." Akamgeuza Jenerali, akatafuta kwenye miguu ya nyuma kile kipembe cha kisigino cha dume, asikione. Kisha akatoa kalamu, akamuuliza Anastazia afanye nini sasa. Anastazia, aliyeanza na bakuli la supu, akamfundisha kwa saa nzima, naye laoban akaandika kila neno.

Walipoondoka, Anastazia alikaa kitandani akitazama pale kizimba kilipokuwa.

"Nyumba imekuwa kimya," akasema.

Kinyonga, jamani. Mnyama ambaye kwa wiki nzima hakutoa hata mlio mmoja. Nilitaka kumcheka, lakini nilijikuta nimeshika ile chupa ya maji, nami sina nguo ya kupiga pasi.