Beji ya Sherehe

Msichana wa kaunta alikuwa amefunga kitambaa chekundu kichwani, na begani ameweka kasuku wa plastiki. Lavonne alipomwuliza choo kiko wapi, akajibu kwa sauti nzito ya kujitia uharamia kwamba mabaharia hujisaidia upande wa tezi, nyuma ya mapipa ya baruti.

"Mwanangu," Lavonne akamwambia, "nina miaka sitini na saba. Niambie kulia au kushoto."

"Kushoto, mama," akasema msichana kwa sauti yake ya kuzaliwa.

Lakini Lavonne hakwenda. Papo hapo haramia mwingine, kijana aliyejifunika jicho moja kwa kitambaa cheusi, alikuwa anakuja na glasi mbili za shampeni juu ya sinia, kicheko mpaka ufizi, na lile jicho lililobaki limetua kifuani pa Orval, pale penye beji.

Beji hiyo ndiyo iliyoleta balaa lote. Asubuhi, kwenye lango la bustani ya michezo, mama mmoja mwenye kikapu alikuwa akiwauliza wageni wanasherehekea nini. Huyu harusi, yule kuzaliwa. Orval, mdogo wake Lavonne, aliyekuwa ametimiza mwaka mzima bila kuonja pombe, alivuta pumzi, akasema anasherehekea, basi. Akabandikwa beji ya manjano, kubwa kama kisosi. Tangu hapo kila mfanyakazi aliyepishana naye alimpongeza, na kila baa waliyoingia ilimletea kinywaji cha bure. Ndiyo desturi ya pale, mwenye beji haachwi mkono mtupu.

Lavonne alimwambia aivue. Orval akaifunika kwa kiganja kama mtu anayekinga mshumaa, akasema kwamba mwaka ule wote hakuna aliyempongeza ila wenzake wa kikundi cha Jumanne cha walioacha pombe, na wale hupongezana kwa zamu.

"Na mimi je?"

"Wewe, dada, hupongezi. Wewe hukagua."

Kwamba wamekuja Florida kutembea baa kwa baa, hilo nalo lilikuwa wazo la Orval. Baa za mle ndani zilipambwa kama nchi za ndotoni, moja meli, moja msitu, moja nyambizi, na zote zilikuwa na ubaridi wakati nje jua la Agosti linakaanga lami. Alitaka kuketi katika kila moja na kunywa maji ya matunda. Alisema mtu anayekimbia kiti hajapona, amejificha tu. Lavonne, mjane wa shemasi wa Kibaptisti, alikuwa na maoni mengine. Kila asubuhi alimwomba Mungu awaepushe na vishawishi, na sasa wamepanda ndege kuvifuata.

Tena asingekuja kabisa, kama si Delphine. Delphine alikuwa binti wa Orval, aliyekuwa akiishi Tampa, mwendo mfupi tu kutoka hapo. Alikuwa na mtoto wa kiume ambaye Orval hajawahi kumtia machoni, maana Delphine alikwisha apa kwamba mwanawe hatanusa pombe kwa babu kama yeye alivyoinusa kwa baba. Sasa alikuwa amelegeza kidogo. Alasiri hiyo angempigia shangazi yake simu. Shangazi akisema baba ni mkavu, hajagusa pombe, kesho mtoto ataletwa. Akisita, basi.

Kwa hiyo Lavonne alikuwa kazini. Miaka mingi amesimama kwenye kivuko cha shule kule Zanesville, Ohio, na kizibao cha rangi ya machungwa na kibao cha SIMAMA mkononi, na alikwisha jifunza kwamba mtoto anayetaka kuchomoka barabarani humjui kwa uso. Uso husema nasubiri. Kisigino ndicho husema kweli. Kikiinuka, mdake kola. Hata Orval, Lavonne hakumtazama usoni. Alikitazama kidole gumba chake cha kulia. Zamani, kiu ilipompanda, kidole hicho kilikuwa kikisugua ukingo wa meza polepole, kama mtu anayejaribu makali ya kisu.

Pale kwa maharamia alizidaka glasi zote mbili kabla sinia halijatua, akazirudisha kaunta mwenyewe. Kwenye baa ya msitu mambo yalimwendea mrama. Kinywaji kililetwa kwa ngoma, na nyumba nzima ikapiga makofi, asipate uso wa kukirudisha. Akangoja radi ya uongo ipige, watu watazame juu, akakimimina chini ya mgomba uliokuwa nyuma ya kiti chake. Mgomba ulikuwa wa plastiki. Chungu chake hakikuwa na udongo wala kitako. Mvinyo ukapita sakafuni ukaingia kwenye viatu vya bwana mmoja, naye akamgeukia mkewe na kumwuliza, kwa upole wa mtu aliyekwisha zoea, kama mtoto amevishwa nepi.

Orval alicheka mpaka akalaza kichwa mezani. Lavonne hakucheka. Miguu ilimvimba, na ile haja aliyoiahirisha kwa maharamia ilikuwa ikimkaba.

Kwa hiyo walipofika kwenye nyambizi, ambako pweza wa mpira alikuwa akipunga mikono nyuma ya vioo, alikwenda chooni. Hakuchelewa. Aliporudi, mbele ya Orval palikuwa na glasi nyembamba, tupu, povu bado limeshika ukingoni.

Hakuuliza. Alimsimamia kichwani.

"Nipulizie."

"Dada."

"Nimesema nipulizie."

Watu wakageuka. Orval alimtazama, kisha akafumbua mdomo, akampulizia usoni pumzi ndefu, mtiifu, kama mtoto mbele ya daktari. Ilinuka nanasi. Lavonne akanusa tena, na tena ikanuka nanasi.

"Mama," akasema mzee wa meza ya pili, akivua kofia yake, "hiyo nimeinywa mimi. Ndugu yako alinipa. Leo ni kumbukumbu ya ndoa yetu, mimi na huyu bibi, na hakuna aliyetuletea kitu. Hatukujua habari za beji."

Bibi akamfinya mzee anyamaze. Lavonne akajikuta anakunja leso ya karatasi ambayo haikuwa yake.

Orval aliinuka. "Siku nikinywa hutahitaji kunusa," akasema. "Watanisikia mpaka Zanesville." Kisha kwa sauti ya chini: "Imebaki ile ya ziwani. Nitakwenda peke yangu."

"Na Delphine akipiga, nimwambie nini?"

"Mwambie unachokijua."

Mvua ilikuwa imeanza, ile ya Florida ya alasiri, nzito na ya uvuguvugu. Lavonne alimfuata kwa mbali, akaketi chini ya kibanda mkabala na baa ya ziwani, kwenye benchi lisilo na egemeo. Kupitia kioo alikiona kisogo cha Orval kwenye kiti kirefu. Akamwona mhudumu akimwinamia kwa tabasamu, na glasi ikatua. Mkono wa kulia wa Orval ulikuwa mbele yake, umezibwa na mwili.

Simu ikalia.

"Shangazi," akasema Delphine, "baba yuko wapi?"

"Baa."

Upande wa pili wa simu mtoto alikuwa akigonga sufuria.

"Na wewe?"

Lavonne aliinua miguu yake yenye uvimbe, mmoja, kisha wa pili, akaivusha benchi, akakaa akilikabili ziwa. "Mimi niko nje. Nimempa mgongo."

"Anakunywa nini?"

"Sijui."

"Hujui?"

"Sijui, Delphine. Mlete mtoto."

"Shangazi, umesema hujui."

"Nimesema mlete."

Akakata kabla ya kuulizwa jingine, akaiweka simu mapajani. Karibu na kiatu chake ndege kwarara mweupe, mwembamba kama fimbo, alikuwa akivuta kipande cha chipsi kutoka kwenye karatasi iliyolowa. Alivuta, kikakatika, akaanza upya. Nyuma mlango ulifunguka, muziki na ubaridi vikatoka, kisha ukafungwa. Hatua zikaanza kuja juu ya mbao zilizolowa, bila haraka. Ndege hakuruka. Lavonne naye alibaki akimtazama ndege.