Baroneti wa Ukurasa wa 212

Mwaka wa pili wa vikwazo vya kiuchumi, karatasi ya kufungia ilipokuwa adimu kuliko nyama ya kutia ndani, Khadidja wa avenyu ya kumi na nne, Buyenzi, alinunua sokoni kitabu cha Kiingereza kwa kilo. Kilikuwa na kilo tatu na robo. Kilitoka katika nyumba ya profesa mmoja wa mtaa wa Mutanga Sud aliyeondoka ghafla, ambaye mlinzi wake alikuwa ameanza kuiuza maktaba kwa utaratibu, vitabu vinene kwanza. Khadidja hakujua Kiingereza. Aliupapasa ukurasa kwa kidole gumba, akaona hauvuji mafuta upesi, akaridhika. Katika miaka yote ya kuwepo kwake, kitabu hicho hakikuwahi kupata mhakiki mwadilifu kuliko huyo.

Alikichana kuanzia nyuma, karatasi moja kwa sambusa tatu. Jumanne moja, baada ya sala ya alasiri, mteja alifungua kifurushi chake palepale kwenye benchi ili ale, na mzee wa Kizungu mwenye koti refu jeusi akawa ameketi kando yake. Kifuani alikuwa na doa la mafuta lenye pembe tatu. Aliinamisha kichwa kwa adabu, akajitambulisha kuwa ni Sir Lambert Hathersage, baroneti wa tatu, mbunge kwa miaka thelathini na mmoja, marehemu tangu tarehe 9 Novemba 1868. Alikuwa ametoka ukurasa wa 212 wa kitabu hicho, kilichoorodhesha koo za makabaila wa Kiingereza, waliozaliwa na waliokufa. Aliuliza ukurasa wa 213 ulikwenda wapi, kwa sababu mke wake alikuwa huko.

“Huo wa asubuhi?” Khadidja alisema, akigeuza sambusa kwenye karai. “Ulienda Kigobe na mutu wa serikali. Alichukua tatu za pilipili.”

Sikuzani, jirani aliyeuza makaa upande wa pili wa njia, alimwita Khadidja kwa jina la mwanawe, akauliza swali pekee lililoulizwa na jirani kuhusu mgeni huyo.

“Mama Soumaya, uyu muzee ananunua ao anakalia benchi burebure?”

“Anangojea bibi yake.”

“Ah. Basi asogee, na siye tukae.”

Sir Lambert alisogea.

Lady Augusta, mke wake, aliwasili Alhamisi, kwa miguu, akinukia kitunguu. Mabinti wao sita walitokea Mutanga Nord siku iliyofuata, wote kwa pamoja, kwa kuwa kitabu kilikuwa kimewapa mstari mmoja na hivyo walifunguliwa kwa mkupuo. Njiani walivuka kizuizi ambapo vijana wenye fimbo na mabomu ya mkono walikuwa na desturi ya kumuuliza kila mpita njia yeye ni nani na ni wa nani. Mabinti hawakuulizwa. Walipishwa njia, na kijana mmoja alivua kofia.

Khadidja alikijua kizuizi hicho. Machi ya mwaka uliotangulia, mume wake Shakuru, fundi wa magari, aliitwa Mutanga Nord kutengeneza klachi ya Toyota. Jioni ulirudi mfuko wake wa spana, umebebwa na mtu ambaye hakutaka kuingia ndani wala kunywa maji.

Familia ya baroneti ilizoea haraka. Lady Augusta alikata vitunguu bila kutoa chozi, jambo alilosema alifundishwa na maisha ya ndoa. Sir Lambert aliketi na kusimulia. Alizungumza Kiswahili cha redioni, chenye ngeli zote mahali pake, na kwa hiyo watu wa avenyu walimsikiliza kwa wasiwasi kidogo, kama anayekaribia kutangaza amri ya kutotoka nje. Babu yake, alieleza, alipewa ubaroneti kwa kumlisha mfalme chakula cha mchana siku ya mvua. Yeye mwenyewe alihutubia bunge mara nne. Mara tatu alizungumzia upana wa magurudumu ya mikokoteni, na mara ya nne alisimama kuifuta hotuba ya tatu. Cheo hakirithiwi na wanawake. Ndiyo maana mabinti sita walibanwa katika mstari mmoja, baada ya mashamba na kabla ya mbwa. Kisha alitoa mfukoni ukurasa wake, akasoma jina la mwanawe wa kwanza, aliyeishi siku tatu.

Hapo Khadidja aliinua uso.

“Siku tatu?”

“Tatu na saa nne.”

“Na aliandikwa?”

“Jina, tarehe na saa. Ametangulizwa mbele ya dada zake wote.”

Khadidja alizitoa sambusa kwenye mafuta kabla hazijaiva, akazirudisha. Mambo yalikuwa wazi. Mtu aliyeandikwa kuwa amekufa huja pale karatasi yake inapofunguliwa. Shakuru hakuwa ameandikwa popote.

“Huko kwenu,” aliuliza, “hamukuonaka mutu mumoja, mufupi, ana kovu hapa kwenye kidevu?”

“Shakuru wa spana? Bila shaka. Anatengeneza gari la farasi la babu yangu. Analalamika kwamba haoni mota.”

“Ni yeye. Hata hapa alikuwa analalamika. Sasa mbona hamukukuja naye?”

“Hana karatasi, bibie,” alisema Sir Lambert kwa upole. “Kwetu pia wanauliza.”

Jumatatu Khadidja alivaa buibui safi, akaenda ofisi ya usajili kuomba cheti cha kifo cha Shakuru, pamoja na Sir Lambert na Lady Augusta, mashahidi wawili kama sheria inavyotaka. Karani, Népomuscène, alikuwa mtu wa huruma mwenye mwandiko mzuri. Shakuru alikuwa ametengeneza gari lake mara mbili.

“Mama Soumaya, mi najua,” alisema. “Nilikuja mpaka kwako kutoa pole, nikala na wali. Lakini ile ilikuwa kwako. Hapa najua tu kitu mashahidi wawili waliona na macho.”

“Shefu, wenye waliona ni wale wale walimuua.”

“Basi wapitie. Tunafunga saa tisa na nusu.”

Khadidja alimwonyesha wale wawili aliokuja nao. Népomuscène aliwatazama, akafungua kitabu cha kanuni, akasoma kifungu hadi mwisho, na kwa uadilifu aliokuwa nao akakisoma tena.

“Shahidi anapaswa awe hai,” alisema kwa masikitiko. “Muzee, we ulikufa lini?”

“Tarehe tisa Novemba, mwaka 1868.”

“Iko na preuve?”

Sir Lambert alitoa mfukoni ushahidi wake, ukurasa wa 212. Karani aliuelekeza dirishani, kwa kuwa mafuta yalikuwa yameufanya upitishe mwanga, akafuata tarehe kwa ncha ya kalamu, na uso wake ukatulia kama wa mtu aliyepata hatimaye kazi iliyofanywa vizuri.

“Hii dosie imetimia,” alisema. “Apana kitu kinakosa.”

Ofisi ilikuwa imebakiwa na karatasi moja yenye nembo. Népomuscène aliandika juu yake cheti cha kifo cha Hathersage Lambert, jina ambalo hakuuliza herufi zake kwa sababu alikuwa na binamu aitwaye Lambert, akagonga muhuri, akapuliza wino. Kisha, kwa kuwa Khadidja alikuwa amekwisha kufika na kijana wa kusambaza barua hakuwa na viatu, alimkabidhi wito wa kumi na nne wa Shakuru. Ulisema kwamba Shakuru, mkazi wa avenyu ya kumi na nne, ameendelea kukosa zamu ya ulinzi wa mtaa, na afike mwenyewe ajieleze.

Khadidja aliupokea kwa mikono miwili. Ulikuwa na jina la Shakuru, limepigwa kwa taipureta bila kosa.

Alasiri ile alichagua sambusa tatu zisizopasuka, akazifunga katika ule wito, akaketi. Mabinti sita walisimama. Sir Lambert alisogea hadi ukingoni mwa benchi, akaacha nafasi ya mtu mfupi. Sikuzani alivuka njia, mikono ikiwa na makaa, akasimama kando ya karai. Khadidja alikifungua kifurushi.

Hakuja mtu.

Walingoja mpaka mafuta yakaenea juu ya karatasi na maandishi yakasomeka pande zote mbili. Sir Lambert aliomba ruhusa, akausoma wito kwa umakini wa mbunge, akaurudisha.

“Umeandikwa vizuri,” alisema. “Lakini unasema anatarajiwa, bibie. Aliye hai haji kwa njia hii.”

“Kwa hiyo ni muzima?” aliuliza Sikuzani.

“Kwa mujibu wa ofisi, mzima wa afya. Mvivu tu.”

Khadidja alimpa Sikuzani sambusa moja na Lady Augusta moja, na ya tatu akaiweka kwenye ile nafasi ya benchi, juu ya karatasi. Kisha akachana ukurasa wa 186, kwa sababu wateja wa saa ya magharibi walikuwa wameanza kupanga foleni.

Jumatatu iliyofuata uliletwa wito wa kumi na tano. Sir Lambert alisogea tena hadi ukingoni mwa benchi, akaacha nafasi, kabla wito haujafunguliwa.