Wakwe na Dakika ya Thelathini

Jana mchana, siku moja kabla ya harusi ya Zuwena, nilijinyoosha kidogo jikoni, nikaota nimeshapika.

Zuwena ni binti wa marehemu kaka yangu. Yeye anasomesha hesabu; mimi shangazi yake ndiye mpishi wa shughuli. Tanga nzima inanijua kwa pilau, anayebisha aulize. Kwa hiyo chakula kikiwapungukia wakwe zake kutoka Pangani, aibu ni yangu, na nitazikwa nayo.

Ndotoni sufuria ilikuwa na mlango. Masinia mia na ishirini yalijipanga ndani, na kila dakika moja, masinia matatu yalitoka kwa miguu yake kwenda kwa wageni wa mtaani. Hakuna aliyeshangaa.

"Wakwe wakute masinia thelathini, yasipungue," Zuwena akaniambia. Amevaa shela, mikono imejaa chaki. Ukutani ameandika:

120 − 3d ≥ 30

"Hiyo d ni dakika watakayoingia, shangazi. Tunatoa mia na ishirini pande zote, tunagawanya kwa hasi tatu, tunapata thelathini. Halafu..."

Wapambaji wakaja kumchukua akapambwe. Hiyo halafu akaondoka nayo.

Ile alama ya katikati ikashuka ukutani. Ina mdomo wazi kama kifaranga na kamstari chini ya kidevu. Ikavuta kiti, ikakaa kwenye lango la ua, mdomo umeelekea kule kule ulikokuwa.

"Dakika thelathini au zaidi," ikasema. "Kabla ya hapo wakwe hawaingii."

Na wakwe wameshafika! Nawasikia nje wanaimba, na dakika ni ya ishirini na tano. Mgeni njoo mwenyeji apone, kumbe mgeni mwenyewe amefungiwa lango.

"Ebo! Wakizidisha thelathini watakula nini?" nikauliza. "Dakika ya arobaini sufuria itabaki na hewa."

"Mimi nilivyoandikwa ndivyo nilivyokaa."

Upawa wangu ukanigusa kiunoni. "Mwambie mmegawanya kwa hasi."

"Nyamaza. Wewe umesoma wapi?"

"Ndani ya sufuria."

Nikageukia sufuria. Maana kweli, pilau ikianza kukauka, maji yakishuka, moto hauachwi chini. Unachota makaa, unayapalia juu ya mfuniko. Ukiacha kupindua moto, umeunguza. Na hapa masinia yanashuka matatu matatu, tumegawanya kwa hasi, na ile halafu ya Zuwena, kuipindua alama, hatujaifanya. Loo, mimi mpishi wa miaka thelathini na mbili, nisilijue hilo?

Nachota makaa, nayapalia juu ya kichwa cha alama.

"Geuka!"

"Kwa amri ya nani?"

"Ya hasi tatu."

Inageuka. Shingo inalia kwacha. Mdomo sasa unatazama upande wa pili.

"Thelathini au pungufu," ikasema kwa upole. "Karibuni, wakwe."

Lango likafunguka, na ua ukawa mstari wa namba. Mkeka ukajitandika wenyewe kuanzia thelathini kurudi hadi sifuri, na wakwe wakawa wanaukanyaga kwa nyimbo. Waliingia wa dakika ya ishirini na sita, wa ishirini na nane, wa ishirini na tisa. Akabaki Bi Riziki, bibi yake bwana harusi, na mkongojo wake. Yeye dakika yake ni ya thelathini kamili, na penye thelathini pana shimo la duara.

"Duara likiwa tupu, namba hiyo haimo," alama ikasema. "Arudi Pangani."

Nilipandwa na hasira, wallahi. "Na hako kamstari chini ya kidevu chako ni ndevu?"

Ikajishika kidevu. "Ni 'sawa na'," ikakiri.

"Basi sawa na naye anakula!"

Nikakwangua ukoko wote, nikalijaza lile shimo, nikalishindilia kwa upawa. Bi Riziki akaligonga kwa mkongojo. Akaweka mguu mmoja. Akaweka wa pili. Ukoko ukamshika.

Nikakimbilia sufuria, nikahesabu. Masinia thelathini, halikupungua hata moja! Nilipiga vigelegele hadi alama ikaziba masikio isiyokuwa nayo. Sijawahi kufurahi hivyo tangu nizaliwe. Bi Riziki akafinyanga tonge, akanilisha kwa mkono wake mbele ya watu wote.

"Mpishi," akasema, "leo umetuheshimu."

"Wifi! Wifi, amka!" Ni Mwanamvua, mama yake Zuwena, ananitikisa bega. "Mchele hata haujachambuliwa, na wewe unapiga vigelegele usingizini!"

Nikakaa kitako. Kuna kitu kimenasa kwenye magego. Nikakichokonoa kwa ukucha, nikakiweka kiganjani, tukakitazama wote wawili.

Punje ya hiliki, bado ya moto. Na hiliki tulikuwa hatujanunua.