Nukta Nyekundu

Kiwandani wananiita Mwalimu, na si kwa heshima. Kila anayeajiriwa namkalisha mbele ya mashine ya leza na kumchosha kwa maneno. Mwanga wa balbu, namwambia, hutawanyika kila upande kama watu wakitoka sokoni. Wa leza ni wa rangi moja tu, mawimbi yake hupanda na kushuka kwa pamoja, hayaachani, ndiyo maana unachora hata chuma. Na huu wetu hauonekani kwa macho. Ile nukta nyekundu ni ya taa ndogo ya kuonyeshea shabaha. Ikizimika, usidhani leza nayo imezimika.

Miaka kumi na moja nayasema hayo. Mazoea yana taabu.

Jumanne ile mimi na shemeji, mume wa dada yangu, tulikuwa na vibao vya shaba vya kuchora namba tangu alfajiri. Mfuniko wa mashine, ule unaozuia mwali usitoke, ulikuwa umevunjika mwezi mzima, na tajiri alishachoka kutusikia tukilalamika. Sisi tulichoka zaidi. Kibao kimoja kikakaa upande, shemeji akaniuliza kama mashine imezima. Nikatazama: nukta nyekundu haipo. Nikamwambia imezima, avue miwani ya kinga aone vizuri.

Kumbe ni ile taa ndogo tu iliyoungua. Mwali ukagonga shaba, ukadunda, ukamwingia jicho la kulia, na lenzi ya jicho ikaukusanya wote mahali pamoja, kama inavyokusanya mwanga wowote. Hakupiga kelele, maana nyuma ya jicho hakuumi. Alisema tu kwamba amesikia kitu kimelia ndani ya kichwa.

Daktari alituambia pale katikati ya jicho, pa kuonea, hapatapona.

Jioni, nyumbani kwao, dada alitumiminia chai. Binti yao mdogo akampanda babake magotini. Shemeji akaliziba jicho zima kwa kiganja, akamkazia mtoto lile la kulia.

"Masikio nayaona," alisema. "Nywele naziona. Uso haupo."

Dada akauliza nani alisema mashine imezima. Shemeji akawahi kujibu kwamba aliinama mwenyewe, hakumuuliza mtu. Nilivyochoka, uongo ule ulinipokea kama kitanda, na nina aibu kusema kwamba nililala humo kwa muda wa mafunda mawili ya chai. Kisha mtoto akacheka, akakibandua kiganja usoni mwa babake ili amwone.

"Ni mimi niliyesema, dada," nikamwambia.

Dada aliinuka. Alikichukua kikombe changu, kikiwa bado na chai, akaenda kukiosha.